Hewa Haikuibiwa

Siku ya posho ile tulitumwa ku hospitali kusaidia kubeba chupa za oksijeni. Moja tuliiacha mbele ya baraza, juani. Saa tisa muuguzi akatuambia tusome manometri: sindano iko ku 64. Chupa ni ya litri 50, basi 50 mara 64, litri 3200. Mtoto mgonjwa alikuwa anapewa litri 2 kila dakika. Tukahesabu kwa furaha: masaa 26 na dakika 40. Muuguzi akaandika.

Kesho yake asubuhi, mbele ya kuifungua, sindano iko ku 58. Sisi wenyewe njo tulisema wa kwanza: “Zamu amefungua.” Nani mwingine alilala pale? Mzee yule akaapa, hakuna aliyemsikiliza.

Siku ya kwanza mwalimu wetu wa fizike akasikia habari, akachukua chaki. Hewa iliyofungwa ndani ya chuma haiongezeki wala haipunguki, lakini ikipata moto inasukuma zaidi, ikipoa nguvu inashuka. Tena digri za hesabu hii haziachwi vile zilivyo, zinaongezewa 273. Tuseme chuma juani kilikuwa digri 47, ni 320. Asubuhi ya baridi digri 17, ni 290.

“Sasa fanyeni 64 mara 290, mugawanye na 320.”

Tukapata 58. Darasa lote kimya. (Kwa haki manometri inaacha nguvu ya hewa ya nje, kwa hiyo tungeanza na 65 na mwishoni kutoa 1, tulijaribu, ni ile ile 58.)

Chupa ya gazi ya kupikia haihesabiwi hivi. Ndani iko majimaji, na sindano haishuki kwa sababu umepika, mpaka majimaji iishe. Ile unapima ku mizani.

Basi oksijeni ilikuwa litri 2900, masaa 24 na dakika 10. Yale masaa mawili na nusu tuliyoandika yalikuwa ya jua tu. Bahati chupa nyingine ilifika mapema, mtoto hakuyangojea.

Jioni tukaenda watano kumwomba mzee msamaha. Alitusikiliza mpaka mwisho, akauliza:

“Batoto, hii hesabu mumefundishwa leo?”

Tukamwambia hapana, iko ndani ya kaye zetu tangu mwaka jana.