Mtamba Wangu na Wingu Jekundu

Msomaji mpenzi, hebu niambie: wewe ungemuuza mtamba uliyepewa na babako ili ununue kamera kuukuu? Mimi nilimuuza. Mzee, kule Bungoma, akaninyamazia miezi minne.

Nilitaka picha ya Rosette, wingu la gesi lililo kando ya kundi la nyota la Orion, umbali wa miaka 5,000 hivi ya mwanga. Upana wake wapita ule wa mwezi mpevu mara mbili, lakini macho hayauoni wekundu wake, ni hafifu mno. Mtambo wa kufuata nyota sina. Hata ningekuwa nao, hulengwa kwa nyota ya kaskazini, ambayo hapa Kitale iko digrii moja tu juu ya upeo, nyuma ya mikaratusi ya jirani!

Basi Januari, kukiwa kikavu, nilipiga picha 240 za sekunde 8 kila moja. Ukizidisha, nyota huwa mistari. Kompyuta ikazirundika kuwa moja.

Nikaipeleka Bungoma. Mzee akaisogeza dirishani.

"Doa hili ndilo lililokula ng'ombe wangu?"

"Ndilo, baba."

Akamwita mama alete miwani.