Mgongo wa Baba Mdogo

Ukishapata digrii na jina lako likatoka gazetini mara mbili tatu, ukoo unakugeuza daktari. Mwezi huu baba mdogo, fundi ujenzi aliyebeba zege miaka thelathini, kaniletea kipeperushi cha hospitali moja ya India. Kinasifia vyuma vinavyoushikilia mgongo bila kuukakamaza. Anataka kuuza kiwanja chake cha Mbagala aende. Basi nikakaa chini nikasoma.

Upasuaji uliozoeleka ni wa kuunganisha. Pingili mbili zinafungwa kwa skrubu na fito za chuma, kati yake unapandikizwa mfupa, zinaota na kuwa kitu kimoja. Maumivu yanaweza kupungua, lakini hapo hapapindi tena, na pingili za jirani zinabeba kazi ya ziada. Ndipo likaja wazo la pili: shikilia, usigandishe. Mfano maarufu ni Dynesys, uliobuniwa na daktari Mfaransa, Gilles Dubois, na kuwekwa kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1994. Skrubu za titani zipo, ila badala ya fito ngumu kuna kamba inayopita ndani ya mirija minene ya plastiki. Kamba inazuia mgongo kuinama kupita kiasi, mirija inazuia kurudi nyuma kupita kiasi.

Wazo tamu, sivyo? Lakini kule Marekani, mwaka 2004, mamlaka ya chakula na dawa iliruhusu kifaa hicho kisaidie tu kuunganisha pingili. Mwaka 2009 kilipoombewa kibali cha kutumika bila kuunganisha, jopo la washauri lilikikataa kwa kura. Ushahidi haukuwatosha. Skrubu zinaweza kulegea, na pingili za jirani bado zinaweza kuchakaa.

Kipeperushi hayo hakiyasemi.

Sikumwambia baba mdogo asiuze. Kiwanja ni chake, na maumivu ni yake. Nilimwandikia maswali ya kumuuliza daktari kwanza, hapa hapa Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Maumivu yanatoka wapi hasa? Mazoezi ya viungo yamejaribiwa yakashindwa? Skrubu ikilegea nikiwa nimesharudi Dar, nani atairekebisha, na kwa pesa ipi? Hilo la mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi, maana kiwanja kinauzwa mara moja tu.

Sisi waandishi tunalipenda sana neno "kisasa". Kabla ya kulichapa tena, tuulize hicho cha kisasa kimemsaidia nani, na kwa miaka mingapi.

Alamsiki.