Kutosa

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, nchi ya chai, miwati na baridi, ambako mwezi wa Juni sakitu hulala juu ya majani hata jua lipande. Bahari niliijua kwa vitabu. Kwa miaka kumi na mitano nimewafundisha vijana maneno ya vyombo, omo na tezi, kusi na demani, bila kupata kupanda chombo kidogo hata mara moja. Aibu hiyo niliificha kwa ufasaha. Basi rafiki zangu wawili, mmoja mfanyabiashara wa mbao wa Makambako, wa pili mwalimu wa Njombe mjini, waliponialika kwenda kulala katika mahema siku mbili mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Wasafiri wengi hupita Makambako, ambako barabara ya Songea huachana na ile ya Mbeya, wasifahamu kuwa mkoa huu wa milima una mwambao. Upo, walakini umefichwa. Kutoka Njombe, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tulipita Ludewa, kisha tukateremka hata Lupingu, ufukoni, penye mita 500 hivi. Makoti tuliyoyavaa alfajiri tuliyakalia mchana. Kaskazini ya Lupingu Milima ya Livingstone hutumbukia ziwani kwa ghafula, hata pwani ni vipande vya mchanga tu kati ya jabali na maji. Na maji yenyewe, penye kina kikubwa, hufikia karibu mita 700. Vijiji vingi vya huko njia yao kuu ni ziwa.

Jumamosi tulikodi boti ya mbao yenye mashine, tukapiga mahema upande wa Lumbila. Usiku tulikula usipa wa kukaanga. Taa za wavuvi zilikuwa nyingi majini hata mwenzetu wa Makambako akasema hajapata kuona mji mzuri kama ule usio na nyumba. Nami nilinena sana usiku ule. Niliwaeleza pepo za msimu, na jinsi majahazi yalivyozifuata kutoka Arabuni hata Unguja. Msomaji akumbuke maneno hayo, maana ndiyo yaliyotuponza.

Kulipokucha upepo ulikuwa ukivuma kutoka kusini, upande wa kurudi kwetu. Nahodha, kijana wa Kikisi, alilitazama ziwa kwa kitambo.

"Shikamoo mwalimu. Huu ni mwera. Tungoje."

Jumatatu nilikuwa na mtihani wa kusimamia chuoni. Nilimjibu kwamba wanafunzi mia mbili walinitegemea, na kwamba upepo wa kadiri ile haukuwa kitu. Wenzangu walinyamaza, kwa mazungumzo ya jana walidhani najua.

"Haya," akasema nahodha, "wewe ndiwe uliyesoma."

Palikuwapo pia bibi mmoja mfinyanzi. Wanawake wa Kikisi ni mafundi mashuhuri wa vyungu, na tangu zamani huvisafirisha kwa mitumbwi kwenda kuviuza. Yeye alikuwa na vyungu thelathini vya kupeleka Lupingu. Alisitasita mchangani, aliponiona nimepanda, naye akapanda.

Hatukwenda hata saa nzima. Mawimbi yalianza kuingia kwa mbele, na kopo letu la kutekea maji halikufua dafu. Nahodha, asiyegeuza macho kutoka omo, akapiga kelele: "Toseni!"

Neno hilo nimelifundisha mara nyingi. Hutolewa mfano wa shehena, wanafunzi wakaandika, tukapita. Siku ile tulitosa mahema, sanduku la chakula na mitungi ya maji, na chombo kikazidi kuwa kizito. Ndipo yule bibi alipofungua kamba za matenga yake. Hakulia wala hakunitazama. Alitoa chungu kimoja kimoja akanipa mkononi, nami nikatosa. Vingine vilielea kidogo, midomo juu, kama vilivyokuwa vinangoja kutiwa maji, mpaka wimbi lilipovijaza.

Nahodha alitugeuza kwenye kijighuba chini ya jabali, tukakaa huko hata Jumanne. Mtihani ulisimamiwa na mwenzangu wa idara, wala hapana mtu aliyedhurika kwa kutokuwapo kwangu.

Kule ghubani nilimwendea yule bibi na fedha za vyungu vyote thelathini kwa bei ya soko aliyonitajia nahodha. Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi, tena mazuri. Akazihesabu noti polepole juu ya kanga, akatenga kiasi, akanirudishia.

"Chukua, baba. Viwili vilikuwa na ufa."

Nikazipokea, na yale maneno niliyoyatunga nikarudi nayo.