Manukato ya Mafuta katika Mji wa Kale wa Mombasa

Mtu atokaye bara akishuka Mombasa hupokewa kwanza na joto, kisha hupokewa na harufu. Katika Mji wa Kale, kuanzia Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hata kushuka kwenye bandari ya zamani, kila njia ina harufu yake. Hapa ni kahawa chungu, pale ni samaki, mbele kidogo ni mahamri yakiangukia mafuta ya moto. Na katikati ya hayo yote, mlango ukifunguliwa, hutoka harufu ya udi ikamfuata mpita njia hatua kumi au ishirini. Wageni wengi hutazama milango iliyochorwa na roshani za mbao, wakapiga picha, wakaenda zao. Mimi nilikuwa na kazi nyingine, nayo ilikuwa kazi ya pua.

Ndugu yangu mmoja wa ukoo alikuwa karibu kuoa katika nyumba ya watu wa pwani. Wasomaji wanaokaa pwani wanajua ya kwamba sanduku la bibi arusi halikamiliki bila ya manukato, na kwamba mama na shangazi za bibi arusi huyafungua na kuyanusa mmoja mmoja kabla ya kutoa neno. Basi wazee wetu wa Taita wakachanga fedha, wakanikabidhi mimi, wakidhani kwamba karani, kwa kuwa amezoea kusoma karatasi, hawezi kuuziwa maji kwa bei ya maziwa. Nikapanda garimoshi Voi asubuhi, nikawaza njia nzima namna ya kuilinda heshima ya ukoo kwa kitu kisichoonekana kwa macho.

Duka nililoelekezwa ni dogo, upana wake haupiti hatua nne. Mwenyewe ni mzee mwenye kofia nyeupe na miwani, na nyuma yake rafu zimejaa chupa hata juu ya dari. Nikapiga hodi, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Ngia, kaa kitako." Nilipomweleza nililotumwa hakunionyesha chupa hata moja. Aliniuliza kwanza kama nimekula, kwa maana mwenye njaa, alisema, husifu kila kitu kitamu.

Inafaa nieleze tofauti iliyopo kati ya manukato haya na yale ya chupa za kupuliza tuyaonayo katika maduka ya mijini. Yale ya kupuliza yamechanganywa na spiriti. Hupanda puani kwa nguvu mara moja, na spiriti ikiisha kuruka, sehemu kubwa ya harufu huruka nayo. Haya ya mafuta hayana spiriti, na kwa sababu hiyo hupendwa sana na waendao msikitini. Hayaruki upesi. Hukaa juu ya ngozi, yakapata moto wa mwili, yakajifunua polepole. Huuzwa kwa tola, kipimo cha kale cha Bara Hindi ambacho ni karibu gramu 12, na wengi hununua nusu tola au robo tu.

Mzee alichukua kijiti cha kioo, akakichovya, akanigusa nyuma ya kiganja. Nikataka kusugua, akanishika mkono. Kusugua, alisema, ni kuiponda harufu kabla haijasema neno lake. Tena akanionya kwamba pua hainusi zaidi ya vitu vitatu au vinne kwa mara moja; baada ya hapo huchoka, na mtu huanza kununua kwa kukisia. Kati ya mafuta na mafuta aliniamuru ninuse mkono wa shati langu mwenyewe, ili pua irudi nyumbani.

Tulianza na asumini. Hii hata mtoto wa bara angeitambua, kwa kuwa ndiyo inayofungwa katika vikuba pamoja na rehani na mkadi, wanawake wakajipamba jioni. Lakini asumini ya chupani ina uzito ambao ua bichi halina. Chini ya utamu wake kuna kitu kama tunda lililokaribia kuoza, na mzee akaniambia kwamba asumini isiyo na kasoro hiyo imetengenezwa kwa madawa, haikutoka shambani. Nilistaajabu kusikia kwamba uchafu kidogo ndio ushahidi wa ukweli. Ikafuata langilangi, ambayo sehemu kubwa hutoka Visiwa vya Komoro. Sikuipenda. Ilinikumbusha ndizi mbivu zilizofungiwa ndani ya gari siku nzima.

Mafuta ya waridi yalinikalisha kimya. Nilitazamia utamu wa sabuni, nikapata asali, majani makavu, na ukali mdogo kama wa karafuu. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini tone lake lina bei. Ili kupata kilo 1 ya mafuta haya hutakiwa kilo 3,000 hadi 4,000 za maua, pengine zaidi, nayo huchumwa alfajiri kabla jua halijayanyang'anya harufu. Huko Taif katika Arabuni msimu wenyewe ni majuma machache tu baina ya Machi na Mei. Nikamwambia mzee kwamba hata sisi Kenya tunalima waridi, tena kwa wingi mno, kule Naivasha. Akacheka. "Yale ni ya macho," akasema. Na kweli, mkulima wa Naivasha hulima waridi lenye shina refu, litakaloshinda safari ya ndege na kukaa chomboni siku nyingi huko Ulaya, na katika kulichagulia sifa hizo, harufu imeachwa nyuma. Simlaumu; soko lake halilipi harufu.

Mafuta mengi ya maua dukani mle yalitoka Kannauj, mji ulioko katika jimbo la Uttar Pradesh, Bara Hindi, ambako kazi hii ni ya urithi. Maua hutiwa pamoja na maji katika chungu kikubwa cha shaba, mdomo wake ukazibwa kwa udongo. Chini huwashwa moto wa kuni au wa mavi makavu ya ng'ombe. Mvuke hupita katika mwanzi uliozungushiwa kamba, ukashuka katika mtungi mwingine wa shaba uliokaa ndani ya maji baridi. Kazi ya mwenye kukeneka ni kusikiliza chungu kinavyochemka na kuupapasa mtungi kwa mkono, asizidishe moto wala asiupunguze. Sasa msomaji angalie jambo hili, maana nitalirudia: ule mtungi wa pili hauwi mtupu. Ndani yake hutiwa kwanza mafuta ya msandali, na ndiyo yanayoishika harufu ya ua isipotee. Kwa hiyo anayenunua mafuta ya asumini au ya waridi yaliyofanywa kwa namna ya zamani, kwa kweli amenunua msandali ulionyweshwa maua. Siku hizi, kwa kuwa msandali umekuwa ghali, wengi hutia mafuta meupe yasiyo na harufu yatokanayo na petroli, wakaokoa fedha. Mzee alinionyesha namna zote mbili, za ua moja. Kwa dakika tano za kwanza sikuona tofauti yo yote.

Udi aliuleta wa mwisho siku ile. Watu wa pwani huujua zaidi wa kuchoma katika chetezo, juu ya makaa, nguo zikafukizwa. Mafuta yake hayapatikani kwa kila mfuko. Mti wenyewe hukua Assam na nchi za mashariki kama Kamboja na Indonesia, na ukiwa mzima hauna harufu ya maana. Hata ukijeruhiwa na kuingiwa na kuvu, ndipo unapojitetea kwa utomvu mweusi, na utomvu huo ndio udi. Tone la udi wa Kihindi liliponigusa nilimtazama mzee nikidhani ananitania, kwa sababu lilinuka zizi: mbuzi, majani yaliyolowa, ngozi. Baada ya robo saa zizi likaondoka, ikaja harufu ya mti uliochomwa, kisha kitu kitamu kilichokaa mbali, kama moshi wa mzinga. Bei ya tola moja ingeninunulia mbuzi dume wawili, wenye harufu ileile ya mwanzo, tena wenye kuzaa faida.

Nililala Makupa kwa rafiki yangu, na usiku nikafanya kama nilivyoagizwa. Mkono wa kushoto ulikuwa na asumini iliyotiwa katika msandali, na wa kulia asumini iliyotiwa katika yale mafuta meupe. Saa nne ya usiku wa kulia ulikuwa mkono tu. Wa kushoto ulikuwa bado unasema, na alfajiri, ua likiisha kuondoka, ulibaki msandali peke yake, laini kama maziwa yaliyochemshwa. Shangazi za bibi arusi wangeligundua jambo hilo kabla ya arusi kwisha.

Asubuhi nikarudi dukani. Mzee aliponiona ninatoka bara alikuwa ameniwekea chupa ndogo isiyo na maandishi. "Nusa, uniambie ni ua gani." Nikanusa, nikanyamaza, nikanusa tena. Halikuwa ua. Lilikuwa shamba letu mwezi wa Novemba, matone makubwa ya kwanza yanapopiga vumbi na watu wote wakatoka nje. Hii pia hufanywa Kannauj: vipande vya udongo huchomwa, vikatiwa katika chungu cha shaba, mvuke wake ukapokewa na msandali vilevile kama mvuke wa maua. Wataalamu wawili wa Australia waliichunguza harufu hiyo na kuipa jina mwaka 1964, lakini watu wa Kannauj walikuwa wameitia chupani kabla yao. Nilimwuliza mzee nani hununua. Akasema mabaharia zamani, na siku hizi watu waliohama mashamba.

Ndipo nikamwomba anionyeshe msandali wenyewe, kwa kuwa ulikuwa umenisumbua tangu usiku. Akaweka chupa tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya Mysore, na ndiyo niliyoitambua kwa ule ulaini. Mti huo ulithaminiwa hata mtawala wa Mysore, Tipu Sultan, akautangaza kuwa mali ya ufalme mwaka 1792. Ya pili ilikuwa ya Australia, kavu kidogo. Ya tatu alisita kuifungua. Ilikuwa imebaki robo, imefunikwa vumbi. Nikanusa: mti, ndiyo, lakini mkali, wenye ukavu wa mlimani na kitu kama mzizi uliotoka kuchimbwa.

"Hii ni ya wapi, mzee?"

"Ya kwenu," akanijibu.

Wasomaji wa Taita, Kajiado, Baringo na Samburu watafahamu kwa nini sikupata neno la kusema. Msandali wa kwetu si ndugu wa karibu sana wa ule wa Mysore, lakini mafuta yake hufanana nayo, na ule wa Mysore ulipoadimika, wafanya biashara walikuja kwetu. Mafuta hukaa katika kiini cha shina na zaidi katika mizizi. Kwa hiyo mti haukatwi, hung'olewa. Tena mti huu una dume na jike, na jike ndilo linalotakiwa zaidi, basi panapopita wachimbaji hubaki madume yasiyo na wa kuyazalia mbegu. Nimeyaona mashimo yake mlimani mimi mwenyewe, na malori yaliyopita usiku bila taa. Vijana waliochimba walilipwa fedha ya kununulia unga. Mwaka 2007 Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake, na mwaka 2013, katika mkutano wa mataifa uliofanyika Bangkok, msandali wa Afrika ya Mashariki uliingizwa katika orodha ya mimea isiyovushwa mipaka bila ya kibali. Hata hivyo shehena zimeendelea kukamatwa barabarani.

Mzee alisema chupa ile aliinunua kabla ya marufuku, na tangu hapo hajanunua nyingine, ijapokuwa huletewa. Nilimwamini kwa sababu ya vumbi lile. Akaniuliza kama mti huo hauwezi kupandwa kama mkorosho. Nikamweleza nijuavyo: unaweza, lakini ni mti wa kutegemea, mizizi yake hunyonya chakula katika mizizi ya jirani, na mche uliopandwa peke yake hudhoofika. Ni lazima upandwe pamoja na mti mwingine wa kuulisha, kisha mwenye shamba angoje miaka mingi hata kiini kipate mafuta. Alifikiri kitambo, akauliza ni mkulima gani atangoja hivyo ilhali watoto wake wanadaiwa ada za skuli. Sikuwa na jibu la kumpa, wala sijalipata.

Tulipatana bei baada ya vikombe viwili vya kahawa. Nilichukua nusu tola ya waridi, tola moja ya asumini iliyotiwa katika msandali wa Mysore, na robo tola ya ule udongo wa mvua, ambayo nililipa kwa fedha yangu mwenyewe, si ya wazee. Udi nikaununua wa kuchoma tu, vipande vichache. Mzee alizifunga chupa moja moja kwa pamba na karatasi, akanionya nisiziweke penye jua wala katika mfuko wa suruali. Kisha akaifuta vumbi ile chupa ya tatu, akairudisha mahali pake, juu, nyuma ya mizani.