Asiyekumbuka Hajasahauliwa

Waumini wenzangu wakijua kazi yangu, swali wanaloniuliza mara nyingi si la mashine. Huuliza hivi: mtu aliyempenda Mungu maisha yake yote, akipatwa na ugonjwa wa kusahau hata asikumbuke tena kusali, imani yake imekwenda wapi? Nimefanya kazi ya kupiga picha za mwili hospitalini Dar es Salaam kwa miaka 19, na kwa miaka sita iliyopita swali hilo limekaa nyumbani kwetu Kidahwe. Nitajibu kwa yale niliyoyaona pande zote mbili.

Nianze na kazi. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa karibu kilo 1.4. Siti skani huzungusha eksirei kichwani, kisha kompyuta huunganisha vipimo hivyo na kutoa picha za vipande, kama mkate uliokatwa slesi. Mmoja wa waliobuni hesabu zake, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg, na wazo lilimjia alipokuwa akifanya kazi hospitalini Cape Town. Mwaka 1979 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Godfrey Hounsfield. MRI yenyewe haitumii eksirei. Hutumia sumaku kali na maji yaliyomo mwilini mwetu.

Kwa mgonjwa wa Alzheimer, picha huonyesha ubongo uliosinyaa. Mifereji kati ya mikunjo yake imepanuka, na sehemu inayopokea kumbukumbu mpya imepungua. Ugonjwa huo umepewa jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906 aliwaeleza wenzake alichokiona katika ubongo wa mama mmoja aliyekuwa mgonjwa wake. Leo tunajua kwamba protini zisizohitajika huanza kujikusanya ndani ya ubongo miaka mingi kabla mtu hajasahau jambo lolote.

Sasa nyumbani. Mama yangu alikuwa mkamuaji wa mawese na mwimbaji wa kwaya ya akina mama. Watu wa barabara ya Kasulu walimjua kwa mawese yake safi, na kanisani walimjua kwa sauti yake. Alianza kwa kuuliza jambo lilelile mara tatu. Kisha akawa anasahau chungu motoni. Baadaye akaanza kutoka usiku. Alfajiri moja alikutwa amesimama katika ua wa jirani, bila viatu, akimtafuta dada yake aliyefariki zamani.

Wasomaji wa mkoa wetu wanajua kwa nini jambo hilo lilitutia hofu. Mama mzee, usiku, uani kwa watu, anaongea na marehemu. Sisi wa Kigoma tunalijua neno kamchape. Tunajua vikundi vinavyopita vijijini vikidai kufichua wachawi, na tunajua kwamba mara nyingi anayenyoshewa kidole ni mzee asiye na wa kumtetea. Wiki ile mdogo wangu alinipigia simu, akaniambia, "Kaka, watu wameanza kusema mama anatembea usiku." Hakuhitaji kueleza zaidi.

Nilichukua likizo, nikampandisha mama treni Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam. Sikutarajia mashine imponye, kwa maana picha haitibu. Tulipiga picha kwa sababu yako mambo yanayofanana na ugonjwa huu lakini yana tiba: damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, uvimbe, maji yaliyozidi ndani ya ubongo. Vipimo vya damu navyo huweza kuonyesha upungufu wa vitamini B12 au tatizo la tezi ya shingo. Ndiyo maana si vema kusema "ni uzee tu" kabla mtu hajapimwa.

Kwa mama hatukukuta damu wala uvimbe. Niliziona picha kwenye kioo kabla daktari hajazisoma, nami nimeona picha za namna hiyo nyingi mno nisiweze kujidanganya. Kwa dakika chache sikuwa mtaalamu. Nilikuwa mtoto anayetazama mahali ambapo jina lake lilikuwa limehifadhiwa, akaona pamepungua.

Ndipo nilipoanza kusoma habari za utafiti uliofanyika hapa nchini, katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kwa miaka mingi daktari wa wazee kutoka Uingereza, Profesa Richard Walker, pamoja na madaktari na wauguzi Watanzania, wamewafuata wazee vijijini badala ya kuwangoja hospitalini. Mwaka 2009 na 2010 waliwapima wazee 1,198 wenye miaka 70 na kuendelea. Walipokadiria kwa kuzingatia umri, asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kabla ya hapo, walipotafuta nyumba kwa nyumba wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, walikuta wengi hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa.

Kilichonigusa zaidi ni namna walivyopima. Vipimo vingi vya ugenini humtaka mzee asome na kuandika, na asiyesoma huonekana mgonjwa hata akiwa mzima. Watafiti hao walitengeneza kipimo kinachomfaa mzee wa kijijini: taja wanyama kadiri uwezavyo kwa dakika moja, nani kiongozi wa kijiji chako, panga njiti za kiberiti kama nilivyozipanga mimi. Hiyo ni heshima. Ni kumwuliza mtu kutoka mahali alipoishi.

Habari ya pili ilitoka Marekani. Kuanzia mwaka 1986 mtafiti David Snowdon aliwafuatilia masista Wakatoliki 678 wa Shirika la Notre Dame, wote wenye miaka 75 au zaidi. Walikubali kupimwa kila mwaka, na kutoa ubongo wao uchunguzwe baada ya kufa. Mmoja wao, Sista Mary, aliishi miaka 101. Alifaulu vipimo vya akili karibu hadi mwisho. Lakini ubongo wake ulipofunguliwa, ulikutwa umejaa alama za Alzheimer. Wako wengine waliokuwa na alama chache kuliko zake, nao walikuwa wamepotea kabisa.

Nimeitafakari habari hiyo sana. Simaanishi kwamba sala ni chanjo. Wako masista waliosali vilevile na wakaugua. Ninachokiona ni kwamba picha ya ubongo, hata iliyo safi kabisa, haituambii habari yote ya mtu. Nasema hivyo nikiwa mtu ninayeishi kwa kupiga picha hizo.

Basi imani ya mama iko wapi? Mzee mmoja wa kanisa alinijibu vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba mama hanijui tena. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, wewe ulipokuwa mchanga hukumjua mama yako. Je, hukuwa mtoto wake?"

Nabii Isaya, sura ya 49, anafananisha upendo wa Mungu na wa mama kwa mtoto wake, kisha anaonyesha kwamba wa Mungu unazidi. Wokovu wetu haukushikiliwa na uwezo wetu wa kukumbuka. Tungekuwa tumeokolewa kwa kumbukumbu zetu, tungepotea kila usiku tunapolala.

Mchungaji wetu alisimama Jumapili moja akaeleza waziwazi kwamba mama ni mgonjwa, akalitaja jina la ugonjwa. Minong'ono ilipungua tangu siku ile. Akina mama wa kwaya wakapanga zamu, wawili wawili, kuja kukaa naye na kuimba. Hakumbuki majina yao, ila ubeti wa pili wa nyimbo za zamani anaumaliza mwenyewe. Kule Hai nako walijaribu jambo linalokaribiana na hilo: vikundi vya wazee wagonjwa walikutana mara 14 kwa wiki saba, wakizungumza na kushiriki shughuli pamoja, na uwezo wao wa kufikiri ulionekana kuongezeka.

Kwa hiyo nawaomba ninyi msomao. Mzee akianza kusahau, mpelekeni akapimwe, na shinikizo la damu lidhibitiwe mapema, maana kiharusi nacho huharibu kumbukumbu. Akitembea usiku, msimwite mchawi. Mshikeni mkono, mrudisheni nyumbani. Mlisheni, mwimbieni, mtajieni jina lake. Na anayemuuguza mpeni nafasi alale.

Mama bado yuko hai ninapoandika. Hajui kwamba mimi ni mwanawe, lakini akisikia sauti yangu hunisogezea kigoda nikae. Namshukuru Mungu kwa kigoda hicho.