Chwele: Neema ya Soko na Hila za Panya

Ikiwa hujawahi kufika Chwele, panga safari yako iangukie siku ya soko. Ukitoka Kitale utapita Kiminini hadi Kamukuywa, hapo upinde kulia kuelekea Kimilili, na ukishaipita Kimilili hutakawia kufika. Ukitoka mjini Bungoma utapitia Kanduyi na kupanda kaskazini, mwendo usiozidi kilomita 30. Mbele yako utauona Mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaba, wenye kimo cha mita 4,321. Mvua na udongo wa mlima huo ndio asili ya shibe utakayoikuta sokoni.

Na shibe ipo kweli. Utakuta mikungu ya ndizi imepangwa chini, vitunguu, kabichi, njugu, maharagwe ya kila rangi, na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu wakisubiri mnunuzi. Juu ya yote utakuta mahindi: magunia kwa magunia yakipakiwa kwenye malori yaendayo miji ya mbali. Huenda hata ugali ulioula jana nyumbani kwako Nairobi au Nakuru ulianzia safari yake katika pande hizi.

Lakini penye nafaka hapakosi panya. Wakati mahindi yangali shambani, panya shamba hushinda humo humo, akila masalio na mbegu za magugu. Panya huyu, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, hubeba mimba kwa siku 23 hivi tu, na mara nyingi huzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Mavuno yakiisha, shamba likabaki tupu, naye hufuata chakula kilikokwenda: ghalani, jikoni, na hata chini ya kitanda kilichowekewa gunia.

Wengi wetu tukimwona panya tunalia kwa sababu ya mahindi aliyoyatafuna. Hasara hiyo inaonekana kwa macho. Hasara nyingine haionekani, nayo ni kinyesi anachokiacha kati ya punje. Panya wengi hufuga minyoo tumboni. Mmoja wao ni tegu wa panya, na njia anayoitumia kumfikia binadamu ni ya ajabu. Mayai ya tegu hutoka pamoja na kinyesi. Wale wadudu wadogo wekundu unaowakuta kwenye unga uliokaa siku nyingi huyala mayai hayo, na yai likishafika ndani ya mdudu hugeuka kuwa kijinyoo kichanga. Kijinyoo hicho hungoja. Panya mwingine akimla mdudu, tegu huendelea na maisha yake. Mtu akimmeza mdudu bila kujua, tegu hukua ndani ya utumbo wake hadi urefu wa sentimita 20 hata 60.

Usiogope kupita kiasi. Tegu huyu ni nadra kwa watu, na ugali ulioiva sawasawa hauna hatari, kwani moto humuua mdudu na alichobeba. Hatari iko mahali ambapo moto haufiki. Fikiria mtoto anayelamba unga mbichi, anayetafuna njugu mbichi kutoka gunia la zamani, au anayetambaa sakafuni na kutia kinywani kila akiokotacho. Ndiyo maana wanaopatikana na tegu huyu mara nyingi ni watoto.

Yuko na ndugu yake mdogo, tegu kibete, mwenye urefu wa milimita 15 hadi 40 tu. Huyu ndiye tegu aliyeenea kuliko wote miongoni mwa binadamu duniani. Panya nao wana tegu wa jamii hiyo hiyo, na wadudu wa nafaka wanaweza kumbeba. Ila yeye hamhitaji mdudu kila mara: mayai yake hupita moja kwa moja kutoka mkono mchafu hadi kinywani, na hata huweza kuanguliwa ndani ya tumbo lile lile na kuongezeka. Mtoto mwenye tegu wengi huumwa na tumbo, huharisha, hukosa hamu ya kula, na hukasirika ovyo. Mzazi hudhani ni utundu tu, au uvivu wa masomo.

Hapa ndipo wazazi wengi hujipa moyo bure. Utasikia mtu akisema, "Wangu alipewa dawa ya minyoo shuleni." Dawa hiyo ni jambo jema sana. Katika wilaya jirani ya Busia, mradi ulioanza mwaka 1998 katika shule 75 ulionyesha kwamba watoto waliotibiwa walikosa shule kwa nadra zaidi, na mwaka 2009 serikali ilianza kampeni ya kitaifa. Lakini tembe hiyo imelengwa kwa chango, safura na mnyoo mjeledi. Tegu hutibiwa vyema kwa dawa nyingine iitwayo prazikwanteli, ambayo daktari huitoa baada ya choo kupimwa. Kwa hiyo, mtoto akizidi kulalamika tumbo baada ya kumeza tembe ya shule, mpeleke apimwe.

Tena dawa peke yake haitoshi. Utafiti mkubwa uliofanywa vijijini Bungoma, Kakamega na Vihiga, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019, ulipata kwamba familia zilizosaidiwa kwa pamoja kutibu maji, kuboresha vyoo na kunawa mikono zilikuwa na chango pungufu kwa takriban asilimia 22 miongoni mwa watoto wao. Nyumba safi hufanya kazi ambayo tembe haiwezi.

Kwa hiyo, ukienda kuwatembelea babu na nyanya huko Chwele wakati wa likizo, litazame ghala lao. Je, limeinuliwa juu ya nguzo, kiasi cha mita moja kutoka ardhini? Je, kila nguzo imevishwa kofia ya bati ili panya ateleze? Je, matawi ya miti yako mbali, asije akaruka kutoka juu? Pipa la bati lenye kifuniko cha kukaza ni bora zaidi. Mifuko isiyopitisha hewa huwaua wadudu kwa kuwakosesha pumzi, ila panya huweza kuitoboa. Iweke mahali asipofika. Sumu usiitie karibu na chakula. Paka naye ana kazi yake, kwani wahenga walisema, paka akiondoka, panya hutawala.

Na ukirudi mjini na gunia ulilopewa, usilisukumie tu nyuma ya mlango. Limwage nje, uchague punje, upepete, uanike juani, kisha uhifadhi katika ndoo yenye kifuniko. Unga nao uchekeche, na watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Njugu zikaange. Kazi hiyo haichukui hata nusu siku, na zawadi ya nyanya itabaki kuwa zawadi.