Goti la Akhwari, Kichwa cha Mwana wa Mtu

Kama umepata kupita Maisara wakati wa alasiri, wazijua kelele za pale. Mimi nimezizoea, ndiyo maana siku ile uwanja uliponyamaza ghafla, nilisimama.

Vijana wawili waliurukia mpira wa juu wakagongana vichwa. Mmoja aliinuka. Wa pili alilala kifudifudi, mkono ukimtetemeka. Wachezaji wa pande zote, waliokuwa wakitoleana maneno makali punde tu, walimzunguka. Mlinda mlango aligeukia wavuni asione. Mwalimu wao alikuja na ndoo ya maji, jicho kwenye saa. Hakuwa katili: alikwisha maliza nafasi za kubadili wachezaji. (Tangu Julai 2024 sheria za kandanda zinayaruhusu mashindano kumbadili aliyegongwa kichwa nje ya idadi ya kawaida, lakini pale nani aliyeikumbuka?)

"Simama, baba," alimwambia. "Akhwari alimaliza na goti limeteguka."

Ni kweli alimaliza. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, John Stephen Akhwari alianguka, akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Walianza 75, wakafika 57, naye akawa wa mwisho kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Tumelelewa na habari hiyo, nami naipenda. Lakini Akhwari aliamua mwenyewe, akili yake timamu. Goti huuma, na maumivu humshauri mwenye nalo. Ubongo uliotikiswa humdanganya mtu kwamba yu mzima. Kijana yule, alipoulizwa matokeo, alitaja ya wiki iliyopita.

Nahodha ndiye aliyekataa. "Mwalimu, huyu hachezi. Akirudi, sisi sote tunatoka."

Nilimchukia mwalimu yule hadi usiku, nilipomkuta Hospitali ya Mnazi Mmoja ameketi sakafuni karibu na mama wa kijana, filimbi bado shingoni, hana la kusema. Wachezaji nilikuwa nimewapita Forodhani wakila urojo na kucheka. Hofu yao ilikwisha pamoja na jua. Yake ndiyo kwanza ilikuwa imeanza.

Kijana alirudi nyumbani siku ya tatu. Katika mechi iliyofuata wenzake waliurukia mpira wa juu vilevile, nahodha akiwa wa kwanza. Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amefumba macho.